Nikope huku kwetu au kule fleti iliko? Jibu kwa msomaji anayetaka nyumba ya kupangisha nje ya nchi

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Habari mtaalamu. Mimi ni mwajiriwa, nina nyumba ninayokaa na familia, haina deni. Nimedunduliza akiba ya kama dola 80,000. Kuna fleti nimeiona nchi nyingine inauzwa dola 200,000 na dalali anasema inapangishwa 1,500 kwa mwezi. Sina ukaazi wa kule, mshahara naupata kwa sarafu ya huku. Je benki ya kule inaweza kunikopesha hizo 120,000 zilizobaki, au niweke nyumba yangu rehani nikope huku halafu niende kule na keshi? Kuna jamaa yangu ananiambia riba ya kule ni nusu ya huku, nisijiulize mara mbili."

Salama ndugu yangu, na asante kwa kuweka namba, maana wengi wanauliza tu "inawezekana?" halafu mtu unabaki kukisia. Jibu fupi ni ndiyo, mgeni anakopeshwa nchi nyingi tu hata bila ukaazi, ila hakopeshwi kama mwenyeji, na kwa hizo namba zako fleti ya 200,000 imeuzidi mfuko wako hata kama benki itasema ndiyo. Jibu refu ndo hili linalofuata, kaa vizuri.

Nianze na jamaa yako wa riba nusu kwa sababu huyo ndo hatari kuliko dalali. Riba ya sarafu ya watu ikiwa ndogo haimaanishi mkopo ni rahisi, inategemea wewe deni hilo unalilipa kwa hela gani. Poland na Hungary watu walikopa sana nyumba kwa faranga ya Uswisi miaka ya 2000, mishahara yao ni zloti na forinti, na sababu ilikuwa hiyohiyo ya jamaa yako, riba ya faranga iko chini. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ikaacha ghafla kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, faranga ikaruka siku hiyohiyo, na Mpolandi aliyekuwa anadaiwa faranga akaamka deni limenenepa bila kukopa hata senti mpya. Kesi zake zimejaa mahakamani miaka na miaka. Hungary wao walikuwa wameshaanza kuigeuza mikopo hiyo iwe ya forinti mwishoni mwa 2014, yaani walikwepa hapo hapo mlangoni. Au chukua Misri, tarehe 6 Machi 2024 paundi yao ilitoka kama 31 kwa dola ikaenda karibu 50 ndani ya siku moja, sasa mtu anayelipwa paundi na ana marejesho ya dola 800 kwa mwezi, jana yalikuwa paundi 24,800 leo ni karibu 40,000, na bosi wake hajamuongeza mshahara.

Kwa hiyo mi kitu cha kwanza naangalia siyo riba, naangalia deni linalipwa na nani. Kama fleti inaingiza dola na deni ni la dola, basi mpangaji analipa deni kwa sarafu ileile, hapo katikati sarafu ya kwenu ipande ishuke haikugusi. Inakugusa siku fleti iko tupu, au mpangaji kagoma kulipa, au boila (mtambo wa kuchemsha maji) imekufa, maana hapo lazima utoe kwenye mshahara wako. Ndo maana nawaambia watu akiba ya dharura ya nyumba ya nje ikae kwenye sarafu ya kulekule, isikae huku ukisubiri kubadilisha siku ya shida, kwa sababu siku ya shida huwa ndo siku bei ya kubadilisha imekaa vibaya.

Na Ulaya walijifunza kwa machungu, kuna sheria yao ya mikopo ya nyumba ya 2014 iliyoanza kutumika 2016, inamlazimisha mkopeshaji akupe haki ya kubadilisha sarafu ya mkopo au njia nyingine ya kupunguza hiyo hatari, na akuonye pale thamani ikiyumba kupita asilimia 20. Nzuri kwa mkopaji, lakini baadhi ya mabenki yaliona ni usumbufu tu yakaacha kabisa kumkopesha mtu mwenye mshahara wa sarafu nyingine. Ukikataliwa na benki ya Ulaya wakati namba zako ziko safi, mara nyingi ishu ni hiyo, wala usijione una gundu.

Haya, kabla ya benki kuna mlango wa nchi yenyewe. Hakikisha unaruhusiwa kununua. Kanada imewafungia wageni wengi kununua nyumba za makazi mijini tangu 1 Januari 2023 na wameongeza muda hadi 1 Januari 2027. New Zealand walifunga nyumba zilizokwishajengwa tangu 2018. Australia nao tangu 1 Aprili 2025 mgeni haruhusiwi nyumba iliyokwishajengwa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Singapore hawajafunga, wameweka ushuru wa nyongeza wa asilimia 60 kwa mgeni tangu Aprili 2023, ambayo kwa mtu wa akiba ya 80,000 ni sawa na kufunga. Hata Marekani ambako kwa ujumla mlango uko wazi, Florida mwaka 2023 walipitisha sheria inayowabana raia wa nchi kadhaa. Hukuniambia nchi ni ipi, kwa hiyo hilo litazame mwenyewe kwenye tovuti za serikali yao, usimuulize muuzaji.

Sasa benki. Kitu ambacho watu hawakitegemei ni kwamba historia yako nzuri ya kulipa mikopo huku haivuki mpaka. We huku una miaka kumi hujachelewesha rejesho, kule unaonekana kama mtoto aliyezaliwa jana. Kwa hiyo benki inajilinda kwa njia mbili, inataka utoe malipo ya awali makubwa na inakupandishia riba kidogo kuliko mwenyeji. Kiasi gani, inategemea na nchi.

Dubai benki kuu yao iliweka kikomo tangu 2013, nyumba ya pili na kuendelea mgeni hapewi zaidi ya asilimia 60 ya thamani, na iliyo kwenye ramani bado haijajengwa mwisho ni 50, na asiye mkaazi kwa vitendo anazungushwa humohumo kwenye 50 hadi 60. Hispania asiye mkaazi kwa kawaida anapata 60 hadi 70, na wanachukua ile ndogo kati ya bei uliyokubaliana na bei ya mthamini wao, we ukinunua ghali juu ya uthamini hiyo tofauti ni ya mfukoni kwako. Uingereza kuna mikopo maalumu ya nyumba za kupangisha, mingi unalipa riba tu kila mwezi deni lenyewe linabaki palepale mpaka mwisho, na hesabu yao ni pango lifike kama asilimia 125 hadi 145 ya riba, tena siyo riba unayolipa kweli bali riba ya kujaribia ambayo mara nyingi inaanzia 5.5. Ukiona umenyimwa kwa sababu pango ni dogo, hiyo riba ya kujaribia ndo imekunyima.

Marekani wao wana aina ya mkopo ambayo kwa mgeni ni nafuu ya makaratasi, wanaita DSCR, yaani hawahangaiki sana na mshahara wako, wanachukua pango la mwezi wanagawa kwa jumla ya rejesho, kodi ya mji, bima na michango ya jengo. Jibu likiwa 1 au zaidi unaongeleka, likiwa 1.25 wanakuchekea. Mgeni kwa kawaida anatoa awali asilimia 25 mpaka 40.

Tuiweke fleti yako kwenye hiyo hesabu maana nadhani hapa ndo utaelewa kwa nini nimesema ni kubwa. Tuseme mkopo 120,000, riba asilimia 7 isiyobadilika miaka 30, rejesho ni kama dola 798 kwa mwezi. Weka kodi ya mji 250 na bima na mchango wa jengo 120, hizi mbili nakadiria tu, zako zitakuwa tofauti. Jumla 1,168. Pango 1,500 gawanya kwa 1,168 unapata 1.28. Benki inafurahi, dalali anafurahi, wewe unapiga picha na ufunguo.

Ila angalia hiyo hesabu imesahau nini. Imesahau kwamba fleti itakaa tupu, chukua mwezi mmoja kwa mwaka, hapo umetoa 125 kila mwezi. Imesahau meneja, maana wewe uko mbali huwezi kwenda kuchungulia bomba, huyo anakula kama asilimia 10, ni 150. Imesahau matengenezo, weka asilimia 7, ni 105. Pango lako sasa ni 1,120 na unatakiwa kulipa 1,168. Kila mwezi unatoa 48 kwenye mshahara, na hapo sijagusa kodi ya mapato. Hiyo 1.28 ni hesabu ya kumlinda benki, haikutengenezwa kukulinda wewe, benki ikikosa marejesho inauza nyumba, wewe unauza nini?

Na bado tumejifanya 80,000 yote inaingia kwenye malipo ya awali, kitu ambacho hakitokei. Kuna gharama za kununua. Dubai ada ya uhamisho wa umiliki peke yake ni asilimia 4, dalali 2, kusajili rehani 0.25 ya mkopo, na tangu 2025 mabenki yaliambiwa yasikopeshe hizo ada ya serikali na dalali, zitoke kwako taslimu. Hispania jumla ya kodi na notari na usajili inafika 10 hadi 13 kutegemea mkoa. England kuna kitu kinawauma sana watu kama wewe, unaponunua nyumba ya ziada kuna nyongeza ya ushuru asilimia 5 tangu 31 Oktoba 2024 na asiye mkaazi anaongezewa 2 nyingine, sasa watu wanadhani "mi Uingereza hii ni nyumba yangu ya kwanza", hapana, wanahesabu nyumba unazomiliki popote duniani, hiyo nyumba yako unayokaa na familia tayari imekuingiza kwenye ile 5. Marekani gharama kwa mnunuzi ni ndogo kidogo lakini weka kama asilimia 5 ya bei ukiwa na mkopo wa kigeni, humo mna uthamini, bima ya hati ya umiliki, ada za mkopeshaji na vikorokoro vingine.

Kwa hiyo tukirudi kwenye 200,000: gharama 10,000, akiba ya miezi minane ya marejesho karibu 10,000 (wakopeshaji wengi wa wageni wenyewe wanataka waone miezi sita hadi kumi na miwili imekaa benki), unabakiwa na 60,000 ya awali, yaani asilimia 30. Mkopo unakuwa 140,000, rejesho 931, jumla na kodi na bima 1,301, na pango lako halisi bado ni lile lile 1,120. Unatoboka karibu dola 180 kila mwezi. Mtu mwingine atakwambia usijali nyumba inapanda bei. Inaweza kupanda, lakini huwezi kulipa benki kwa kupanda bei.

Ukishuka kwenye fleti ya kama 160,000 mambo yanabadilika. Gharama 8,000, akiba 8,000, awali 64,000 ambayo ni asilimia 40 kamili, mkopo 96,000, rejesho kama 639. Weka kodi na bima 310, jumla 949. Ili fleti ijilipe yenyewe baada ya kukaa tupu, meneja na matengenezo unahitaji pango lisilopungua kama 1,270. Hiyo ndo namba ya kutafutia, na usiitoe kwa dalali anayeuza, piga simu kwa mameneja wawili watatu wa eneo hilo uwaulize wao wanapangisha fleti kama hiyo shilingi ngapi na inakaa tupu muda gani, hao hawana kamisheni kwenye mauzo yako.

Haya sasa hiyo habari ya kuweka nyumba yako rehani uende na keshi. Ina faida zake sitaki kukudanganya. Mnunuzi wa keshi anasikilizwa, anapunguziwa, anamaliza haraka, hakuna benki ya kule kukuomba tafsiri ya hati za 2011. Na deni la huku unalilipa kwa mshahara wa huku, kwa hiyo ile hatari ya faranga imegeuka upande wako kidogo, sarafu ya kwenu ikishuka pango la dola linalipa deni la huku vizuri zaidi. Kwa riba ya juu ya huku lakini, na hapo wengi ndo wanashindwa. Fanya hesabu: fleti ikiwa haina mkopo kule, kwenye ile pango halisi ya 1,120 toa kodi ya mji na bima 370 unabaki na 750 kwa mwezi, ni 9,000 kwa mwaka juu ya 120,000 uliyokopa, asilimia 7.5. Kama huku unakopa kwa zaidi ya hapo, fleti hailipi hata riba, acha deni lenyewe.

Kilichobaki ni paa. Mkopo wa kule ukiharibika unapoteza fleti na malipo yako ya awali, inauma, lakini watoto wanalala palepale. Mkopo wa huku ukiharibika anayepigiwa mnada ni wewe unayekaa ndani. Mi kwenye hili huwa siko katikati, nyumba ya familia isiyo na deni usiiweke rehani kwa ajili ya fleti usiyoweza kuitembelea. Kama una kiwanja au nyumba nyingine, hapo tunaweza kuongea, tena kwa sehemu ndogo tu ya kujazia malipo ya awali. Halafu kuna nchi kutoa hela nje kuna kikomo, na nyingine hata kukopa kwa ajili hiyo hairuhusiwi, India kwa mfano mkaazi anaruhusiwa kutuma dola 250,000 kwa mwaka wa fedha lakini mabenki yao yamekatazwa kukopesha kwa ajili ya kutuma mtaji nje. China ni dola 50,000 kwa mwaka na kwa utaratibu wao hazitakiwi kutumika kununua nyumba nje. Angalia kanuni za fedha za kigeni za nchi yako kabla ya kusaini chochote kule, kwa sababu ukishalipa amana na hela iliyobaki ikakwama, amana inakwenda.

Lakini usidhani kusema mkopo wa kule haugusi paa lako ni kweli kila mahali. Soma mkataba. Hispania mkopaji kwa sheria ya kawaida anawajibika kwa mali zake zote za sasa na za baadaye, fleti ikiuzwa ikapungua deni linabaki linakuandama. Na ukinunua kwa kampuni, ambayo Marekani na Uingereza inafanyika sana, mkopeshaji karibu kila mara anataka dhamana yako binafsi, kwa hiyo ile "kampuni inanilinda" inakulinda na mpangaji aliyeteleza ngazini, haikulindi na benki.

Kuna wale watakaokwambia achana na benki, nunua kwa mjenzi kwa awamu, nyumba iko kwenye ramani, hakuna riba. Hamna kitu cha bure, riba iko ndani ya bei, we linganisha na fleti iliyokwisha ya jengo la jirani utaiona. Mi siipingi moja kwa moja, Dubai kuna sheria namba 8 ya 2007 inayotaka hela za wanunuzi ziwekwe akaunti maalumu ya mradi, ni kinga nzuri, lakini hata hivyo baada ya 2008 kuna miradi ilikwama na mingine ikafutwa. Tatizo kubwa liko mwishoni. Mpango mwingi ni kama asilimia 60 wakati wa ujenzi na 40 siku ya kukabidhiwa, na mtu anapanga ile 40 atakopa. Siku inafika, mthamini anasema nyumba ina thamani pungufu ya uliyonunulia, au kikomo cha wageni kimebadilika, au we umebadilisha kazi, benki inatoa nusu ya ulichotegemea na umebakiza siku 30. Kama huna uwezo wa kumalizia bila mkopo usiingie huko. Na hizi ahadi za "pango la uhakika asilimia 8 miaka mitatu", hiyo hela ni yako mwenyewe wanakurudishia kidogokidogo.

Jambo jingine ambalo halionekani kwenye karatasi ya riba ni kwamba mkopo wa mgeni unaweza kuisha ladha katikati. Marekani riba inaweza kukaa vilevile miaka 30. Sehemu nyingine nyingi siyo hivyo, Uingereza unafungiwa miaka miwili au mitano, Dubai mwaka mmoja hadi mitano, baada ya hapo riba inaelea na we unategemea kuhamia mkopo mwingine. Sasa mwenyeji akihama anahama, mgeni anaweza kukuta mlango umefungwa. Mwaka 2016 mabenki makubwa ya Australia yalibana karibu kwa wakati mmoja mikopo kwa watu wenye kipato cha nje, na mwaka huohuo baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya benki moja kubwa ya Singapore ilisimamisha kwa muda kukopesha nyumba za London. Waliokuwa katikati ya manunuzi walihangaika. Kwa hiyo kwenye hesabu zako jaribu riba ikipanda pointi mbili, yaani 7 iwe 9, uone kama bado unapumua, na kama hupumui, kopa kidogo.

Kinyume chake uliza pia faini ya kulipa mapema. Hii mikopo ya DSCR mingi ina faini ya kushuka, mwaka wa kwanza 5, wa pili 4, mpaka 1 mwaka wa tano, asilimia ya deni. Ukiuza mwaka wa pili kwenye deni la 96,000 ni karibu dola 3,800 imeondoka. Ukiwa tayari kukubali faini hiyo riba inakuwa ndogo kidogo, ni biashara tu, ila ujue umeuza nini.

Kodi za serikali nitagusa zile zinazoshika mkopo tu. Marekani asiye mkaazi usipochagua vizuri unakatwa asilimia 30 ya pango lote kabla ya gharama yoyote, yaani hata riba ya benki haitolewi, lakini kuna uchaguzi unaweza kufanya ukatozwa kwenye faida baada ya gharama, ufanye mwaka wa kwanza na mtu anayezijua kodi za wageni. Ukiuza, mnunuzi anazuia asilimia 15 ya bei, siyo ya faida, mpaka ukamilishe mahesabu yako, kwa hiyo kama una deni kubwa unaweza kujikuta siku ya kuuza hela ya mkononi ni ndogo kuliko ulivyodhani. Na ukifariki, msamaha wa kodi ya urithi kwa asiye mkaazi ni dola 60,000 tu za mali iliyoko kule, juu ya hapo inakwenda hadi asilimia 40, fleti ya 160,000 tayari imepita. Uingereza wakala wako anakata asilimia 20 ya pango baada ya baadhi ya gharama mpaka wewe uombe kibali cha kupokea kamili, na tangu Aprili 2020 mtu binafsi haruhusiwi kutoa riba ya mkopo kama gharama, anapewa nafuu ya asilimia 20 tu, ndo sababu watu wanakimbilia kampuni. Hizi ongeza kwenye hesabu zako, na uliza huku kama kuna mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili.

Makaratasi sasa, ukiamua kwenda. Anza miezi mitatu minne kabla ya kutafuta fleti. Pasipoti, uthibitisho wa unapoishi, stetimenti za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, marejesho ya kodi, barua ya benki yako ya sifa, zote kwa tafsiri iliyothibitishwa kama siyo lugha yao. Wanachokazia sana ni hela ya awali imetoka wapi, kwa hiyo kama sehemu ya hizo 80,000 iko chini ya godoro au kwa shemeji, iingie benki mapema na ikae, hela iliyoingia wiki iliyopita kwa mkupuo ndo inayowafanya wakuulize maswali mpaka muuzaji anachoka. Kama kule kuna namba ya mlipakodi mgeni, iombe mapema kwa sababu inachelewa kuliko wanavyosema.

Tumia broka wa mikopo anayehudumia wageni, siyo kwa sababu benki hazipokei simu, ni kwamba benki kumi zitakukataa kwa uraia wako au sarafu yako bila hata kuangalia namba, na yeye anajua zile mbili zinazokubali. Muulize swali hili kabla ya mengine yote: "mara ya mwisho mmemkopesha mtu wa uraia wangu, anayeishi nchi yangu, ilikuwa lini na kwa asilimia ngapi ya thamani?" Akijibu kwa kuzunguka muache. Anayetaka ada kubwa mbele kwa "mkopo wa uhakika" hata usimjibu. Ada ya uthamini kulipwa mbele ni kawaida, malipo ya ushauri yapo pia sehemu nyingine, ila uhakika wa mkopo hakuna anayeuza.

Kuhamisha hela nayo isikupite. Kati ya kusaini na kukabidhiwa ni wiki nane mpaka kumi na mbili, bei ya fleti haibadiliki lakini bei ya dola kwako inabadilika, na benki ya kawaida inakula kati ya bei ya kununua na kuuza bila kukuonyesha kama ada. Linganisha wahamishaji wawili watatu waliosajiliwa, na kama akiba yako bado iko kwa sarafu ya huku ulizia kufunga bei leo kwa malipo ya miezi miwili ijayo. Kwa 72,000 utakazotuma, tofauti ya asilimia 2 ni dola 1,440, ni zaidi ya pango la mwezi mzima.

Kwa hiyo hiyo ya 200,000 mwambie dalali asante. Niandikie nchi ni ipi na akiba yako iko kwenye sarafu gani sa hivi, pia kama mshahara wako ni wa mkataba au wa kudumu, maana hilo la mwisho benki za Hispania na Dubai wataliangalia kabla hata ya fleti, na hapo naweza kukwambia ni wakopeshaji wa aina gani uanze nao.